Kibuyu cha Darubini

Mwanangu Hamisi,

Uliponifundisha kuandika ulisema barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa salamu mpaka nusu ya karatasi ijae, ndipo neno lenyewe lifuate. Nimejaribu. Nimeandika "salamu sana" nikajicheka mwenyewe, maana unayesalimiwa umelala upande wa pili wa ukuta na ninakusikia ukikoroma. Kesho ukiamka utanipa shikamoo nami nitaitikia, na salamu zitakuwa zimekwisha. Hapa nitaandika yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa tangu uliporudi kutoka bomani ukasema umeandikwa kazi ya kwenda magharibi na wapimaji, kuwachukulia darubini yao.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ulale ndani ya chandarua, wala usikope. Hayo unayajua, na usiyoyajua tumbo litakufundisha. Unga wa mtama nimekutwangia, uko kwenye mfuko mweupe. Nikianza kuorodhesha mambo ya namna hiyo taa hii ya mafuta ya mbarika itazimika kabla sijafika ninapotaka kufika.

Nataka kukuandikia habari ya umande.

Mlipokuwa mkijaribu vyombo kule nyuma ya stesheni, ulirudi asubuhi macho mekundu ukasema kioo kililia usiku kucha. Kila mlipokielekeza juu kilivaa ukungu, na Bwana wako mpya akapiga kelele mpaka mbwa wa Ihumwa nzima wakamjibu. Akakuonya kwamba kioo kikilia tena siku ya kazi atakupa kiboko na kukurudisha nyumbani. Uliyasema hayo ukicheka, kama vijana mnavyocheka. Mimi sikucheka. Niliinuka nikatoa kibuyu cha baba yako pale ukutani nikakupa. Ukakigeuzageuza, ukasema, "Mama, Bwana ataniona mshamba." Na leo mchana ulipofunga mzigo wako, nguo, sufuria na kile kioo chako cha kujitazamia ndevu tatu ulizo nazo, kibuyu kilibaki palepale kwenye kigingi.

Sina kinyongo. Basi, ninacho kidogo, lakini si cha kukuzuia kusoma.

Habari ya samli unaijua. Hakuna kilabu cha pombe hapa ambako haijasimuliwa, na kila anayeisimulia huongeza lake. Wengine husema nilikaanga darubini. Mjomba wako husema nililipaka samli jicho la Mzungu mwenyewe. Watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mwenzio akishacheka haulizi tena. Lakini wewe unaondoka, na sitaki uondoke na habari ya kilabuni.

Nilikuwa binti kwetu Bahi. Mwaka huo mvua ilinyesha kupita kiasi, mbuga ikafurika mpaka karibu na zizi la baba yangu, na tulivua kambare mahali tulipokuwa tumechunga ndama mwaka uliotangulia. Akaja Mzungu na wapagazi wake. Hakutaka pembe, hakutaka ng'ombe, hakuuliza habari za kodi. Alisimamisha miguu mitatu ya chuma kwenye kichuguu kikubwa kilichokufa, akaweka juu yake bomba la shaba, na kila jioni mawingu yakifunguka akatazama mbinguni. Watu wakamwita Bwana Nyota. Wazee walikaa kumjadili, kwa maana kwetu mtu akitazama sana mbinguni unamwogopa kwa ajili ya mvua. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa tele, basi wakasema mwacheni, mvua haimjali.

Baba yako alikuwa mkalimani wake. Kijana wa Kondoa, Mrangi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alijua Kirangi, Kigogo na Kiswahili, na alikuwa na jinsi ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Mchana alikuwa mdomo wa Bwana Nyota, usiku alikuwa mlinzi wa kile kioo. Mimi nilipeleka maziwa kambini kila jioni. Ndugu zangu ambao zamu ilikuwa yao walianza kugundua kwamba hawaitwi tena.

Nilimwuliza baba yako huyo Bwana wake anatafuta nini. Akaniambia anatafuta kujua Bahi iko wapi. Nikamwambia Bahi iko hapa, mwambie ashuke kichuguu aende kulala. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza vizuri. Ilikuwepo nyota moja ambayo mwezi ungepita mbele yake na kuimeza. Bwana Nyota alitaka kuiona inapotoweka, palepale, na kutazama saa yake. Huko kwao watu wengine walikuwa wameshahesabu tukio hilohilo kwa saa ya kwao, na tofauti ya saa hizo mbili ndiyo ingemwambia Bahi iko mbali kiasi gani na kwao. Lakini nyota ikitoweka imetoweka. Huwezi kuuomba mwezi urudi nyuma.

Sasa usiku wa kwetu masika unaujua. Mvua hukatika jioni, anga husafishika, na kila kitu kilicho nje huloa bila tone kuanguka. Bomba lile lilikuwa na kofia yake ya bati, kama mrija mrefu uliovikwa mdomoni, ili kioo kisitazamane na anga yote. Kofia hiyo ilikwenda na maji walipokuwa wakivuka mto, pamoja na mpagazi aliyeshikwa mkono akaokolewa. Bwana Nyota aliisikitikia kofia. Alikuwa na adabu sana kwa nyota, yule bwana, kuliko kwa watu.

Usiku wenyewe ulipofika, kioo kikaanza kulia. Nilikuwa nimechelewa kuondoka kambini, unaweza kukisia kwa nini. Nilimwona baba yako akikipepea kwa ungo, kikakauka, kikalia tena. Alipochoka akakifuta kwa ncha ya kanzu yake, kanzu iliyokuwa imekaa kwenye mchanga siku nzima. Nilisikia mkwaruzo mdogo. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nisiguse kitu, anakwenda kuleta makaa.

Hamisi, mimi nimekulia kwa watu ambao kitu kisichotakiwa kunywa maji hupakwa mafuta. Ngozi tunaipaka. Viatu tunavipaka. Ngao ya babu yangu ilipakwa mpaka ikang'aa, na wewe mwenyewe nilikupaka kila asubuhi ya baridi mpaka ulipokuwa na akili ya kukimbia. Nilikuwa na samli kwenye kikombe, ya mama yangu, niliyokuwa nampelekea mtu fulani kwa siri. Nikachovya kidole. Nilikipaka kile kioo polepole, kwa mapenzi yote, ukingo hadi ukingo, na kweli kabisa maji hayakushika tena. Niliona nimewashinda wote.

Baba yako aliporudi na makaa, Bwana Nyota alikuwa ameshapanda kichuguuni, saa mkononi. Akaweka jicho. Kulikuwa na mwanga wa mwezi umetapakaa kama maziwa yaliyomwagika, na nyota hapana. Akatoa jicho, akarudisha. Sikujua lugha yake lakini sauti ya mtu aliyepotelewa inajulikana kwa lugha yoyote. Alipokwisha kupiga kelele aliketi kwenye sanduku na kuficha uso, na huko juu mwezi ulikuwa umeshapita.

Asubuhi akawaita watu. Akashika bomba, akagusa kioo, akanusa kidole chake. Akauliza nani. Nilitoka mbele. Usifikiri niliogopa, nilikuwa na kiburi kuliko sasa. Nikasema kwa Kigogo, wazi, watu wote wakasikia: "Ni mimi niliyepaka. Samli ni ya kwetu." Baba yako akanitazama, akamgeukia Bwana Nyota, akasema maneno machache kwa Kiswahili, kwa upole. Bwana akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea mkono niondoke. Halafu askari wake wakamlaza baba yako kifudifudi.

Nilielewa fimbo ya kwanza iliposhuka. Nikapiga kelele ni mimi, ni mimi, na waliojua Kigogo wakatazama chini, na Mzungu hakuelewa neno. Baba yako, mdomo ukiwa kwenye vumbi, akaniambia, "Binti, nenda kanyweshe ng'ombe."

Baadaye nilimwuliza alimwambia nini Bwana. Akasema, "Nilimwambia mkosaji ni mimi, na kwamba wewe unauliza kama leo ulete maziwa tena."

Hadithi ya kilabuni huishia hapo, na wanawake husema ah, mwanamume wa kweli, na huyu mama alilia kwa shukrani. Sikulia kwa shukrani. Nilikasirika siku nyingi. Alichukua neno langu mdomoni mwangu akaweka jingine, tena mbele ya watu, na akaenda kuliumia yeye. Mgongo ulikuwa wake lakini kosa lilikuwa langu, na nilikuwa na haki ya kosa langu. Nilimpelekea dawa ya mgongo bila kumsemesha. Siku niliyomsemesha nilimwambia anifundishe Kiswahili, na neno la kwanza nililolitaka ni "mimi." Ndiyo sababu mama yako anakisema Kiswahili kwa ubishi, kama mnavyonicheka. Nilijifunza ili asiwepo mtu wa kunisemea. Na ulipoanza shule nikakaa nyuma yako nikichora herufi kwa mkaa kwenye kigae, ni kwa sababu hiyohiyo.

Wewe unafanana naye. Ulipokuwa mdogo ulisema wewe ndiye uliyevunja chungu, kumbe ni mbuzi. Huko uendako utakuwa katikati ya Bwana na wapagazi, nawe utajua lugha za pande zote mbili. Sina la kukuagiza juu ya hilo. Nakueleza tu ilivyokuwa kusimama pale na neno la kweli mdomoni, na mtu anayenipenda ameshaligeuza.

Bwana Nyota alikisafisha kioo siku kadhaa kwa pombe kali na ngozi laini. Samli ilitoka. Mkwaruzo wa kanzu haukutoka hata siku moja. Ilibidi akae Bahi zaidi ya mwezi mzima akingoja nyota nyingine ya kumezwa, na kama si hivyo, angeondoka na mkalimani wake kesho yake, na wewe usingekuwepo kukoroma hapo ulipo. Kwa hiyo wakikucheka kuhusu samli waambie wewe ndiye mtoto wake.

Katika mwezi huo nilitengeneza kibuyu cha kushika nafasi ya ile kofia ya bati. Sikujua kama kitafaa, nilijua tu kwamba nadaiwa kitu. Nilichagua kibuyu cha maziwa kilichonyooka, nikakikata juu na chini, nikakisugua ndani kwa mchanga, nikakifukiza kwa moshi wa samadi mpaka kikawa cheusi kama chungu, kwa sababu baba yako alisema ndani kusing'ae. Nilipokipeleka Bwana Nyota alicheka. Halafu akaacha kucheka, akachukua kipimo chake, akaniambia nikate kidogo zaidi, na kesho yake akanionyesha mwenyewe, baba yako akitafsiri, safari hii neno kwa neno maana nilikuwa nimeshaanza kusikia Kiswahili.

Alisema umande hauanguki. Sote tunasema umeanguka, lakini sivyo. Aliniuliza asubuhi ng'ombe gani wana migongo iliyoloa. Nikasema waliolala uwazini. Na waliolala chini ya kichaka? Wakavu. Akasema basi, kitu kinachotazamana na anga tupu usiku huipa anga joto lake, kikipoa kupita hewa, maji yaliyomo hewani hukijia. Kibuyu ni kichaka cha kioo. Kinakiachia kipande kidogo tu cha mbingu, kile kinachohitajika. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii, na sijui kwa nini huwa linanituliza.

Mengine nilijifunza kwa kuwatazama. Chombo kitolewe nje jua linapotua, kikiwa na kifuniko chake, kizoee baridi taratibu. Usikiingize hemani kwenye pumzi za watu na moto wa kupikia kisha ukitoe tena, utakiliza mwenyewe. Usikiinamie ukihema. Baba yako alifunga kitambaa mdomoni, wenzake wakamwita bibi harusi. Alitia mchanga kwenye mfuko mdogo wa ngozi, akaupasha moto pembeni mwa jiko, akauzungushia bomba nyuma ya kioo. Vuguvugu tu, wa kuvumilika shavuni. Ukizidi moto nyota zinacheza, na Bwana atadhani ni pombe. Na usifunge chombo sandukuni kikiwa bado kibichi, kitaota ukungu ambao hautoki.

Na kikilia pamoja na hayo yote, usifute. Hili ndilo lililomgharimu baba yako kuliko fimbo. Kigeuze kitazame chini, kipe joto kidogo, ngoja. Kitakauka chenyewe. Mkono una haraka ya kusaidia, na vumbi la Ugogo liko kwenye kila nguo.

Usiku wa nyota ya pili kioo kilibaki kikavu. Bwana Nyota alitamka neno moja, akaandika. Halafu akaniita nipande kichuguu nitazame. Niliuona mwezi una mashimo mashimo, kama ardhi ya kisimani ng'ombe wakishakanyaga. Nilicheka kwa sauti. Baba yako alisimama chini akinishikilia mguu nisianguke, na akausahau mkono wake pale hata nilipokuwa nimeshakaa imara.

Alileta mahari kutoka Kondoa. Tukahamia hapa Ihumwa, kwa sababu njia ya misafara ilikuwa karibu na yeye hakuwa mtu wa kukaa mbali na njia. Yeye alisema bismillahi, mimi nilisema ya kwetu, na hatukugombana kwa hilo. Ukazaliwa. Sasa nafika pale ambapo sijawahi kumwambia mtu, na kalamu imeanza kuwa nzito.

Ulikuwa umeanza kukaa bila kuegemezwa Bwana Nyota alipomtumia ujumbe. Anakwenda mpaka ziwani, anamtaka yeye na kibuyu. Baba yako alisema atarudi kabla ya mavuno. Nikamwambia kama anapenda nyota kuliko mtoto wake aende akaishi nazo. Tuligombana siku tatu. Na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, alicheka, jambo lililonizidishia hasira.

Unajua desturi yetu mtu akisafiri. Wa nyumbani huchukua maji ya baridi mdomoni, humtemea usoni na kifuani, ndipo msafiri hugeuka aende. Kondoa hawaitendi kama sisi, lakini aliipenda. Asubuhi ile alikuja mwenyewe na kata ya maji akanipa, akasimama mlangoni mwa tembe, akafumba macho, akainua uso kidogo. Bado namwona. Nilikunywa fundo moja nikalishika mdomoni. Nikamtazama uso wake ulivyokuwa unangoja.

Nikayameza.

Alingoja kidogo. Alipofumbua macho aliona koo langu.  Alikuinua akakunusa kichwani, akachukua kibuyu, akaenda akiwa mkavu. Nilidhani nitamwacha afike kwenye ukingo wa shamba, halafu nitamkimbilia. Nilikuwa na miguu mizuri wakati ule. Niliendelea kudhani mpaka alipokuwa haonekani.

Mwaka uliofuata mpagazi mmoja alipita hapa akaniletea kibuyu. Homa ilimchukua baba yako ng'ambo ya mto Malagarasi. Kibuyu kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni mpaka kiunoni. Nilimwuliza kama alisema lolote. Mpagazi alikuwa mtu wa kweli, hakunitungia maneno. Alisema tu kwamba njia nzima kioo hakikulia hata usiku mmoja, na kwamba Idi, baba yako, alijisifu kwa hilo mpaka wakachoka naye.

Sisemi maji yangu yangeizuia homa. Waliotemewa maji nao wamekufa, nimewazika. Lakini uso wa mwisho wa mume wangu nilionao ni uso mkavu uliokuwa unangoja, na mwenye kuukausha ni mimi. Hilo limenikalia miaka yote ya maisha yako. Nimelima nalo, nimelala nalo.

Kibuyu nilikishona. Ukikipitisha kidole utaona mshono wa mshipa wa ng'ombe, mwembamba upande mmoja, mnene upande wa pili ambako nilirudiarudia. Nikakitundika.

Sasa utaelewa. Uliporudi kutoka bomani ukaniambia unakwenda magharibi na darubini, sikukusikia wewe. Nilimsikia yeye. Nikasema mbele ya jirani zetu, "Nenda, lakini maji yangu usiyangoje." Uliinama tu ukaendelea kula. Tangu siku hiyo hukuniomba, na nimekuona ukizunguka ua kama mtu anayetafuta kitu alichosahau. Na mimi nimezunguka upande wangu. Tumepishana katika nyumba hii kama gari la moshi na ng'ombe, kila mmoja akimwogopa mwenziwe.

Nilikuwa nafanya kosa lilelile, mwanangu, kwa mdomo uleule. Nilitambua leo jioni nilipokwenda kisimani nikainama kunywa.

Kwa hiyo nenda. Nakuruhusu kwa moyo wangu, si kwa kushindwa. Naogopa, na nitaogopa mpaka nikuone ukishuka pale stesheni, hilo siwezi kukuficha, lakini woga ni wangu, nitaubeba mimi. Wewe una mzigo wako.

Kibuyu nimekiweka juu ya mzigo, ndani ya shuka. Ukiona haya, kitoe ukitundike tena, sitakuuliza. Huyo Bwana ana kofia yake ya bati, na inafaa kama haitasombwa na maji. Lakini bati hupoa upesi kuliko kibuyu, na usiku wa huko mabondeni ni mrefu. Akicheka, mwache acheke. Wa kwanza naye alicheka.

Jogoo wa jirani ameshaanza, yule mwongo anayewika kabla ya wakati. Mafuta yamekwisha, naona kwa ukingo tu wa mwanga. Nitakuamsha mwenyewe. Tutatoka nje kabla majirani hawajaja na maneno yao, nami nitachukua kata ya maji mkononi. Fumba macho, inua uso kidogo. Safari hii sitameza.

Na yakishakulowesha uso, Hamisi, usifute. Panda gari nayo hivyohivyo. Yatakauka yenyewe njiani.

Mama yako